Ng'ombe wawili banda moja: mmoja kiwele kinavimba kila msimu wa mvua, mwingine hajawahi. Ni damu au ni nini?

Mtani wa Nzuguni:
Mbukwenyi wakuu. Naomba mawazo yenu, na wataalamu wa mifugo mkipita humu msinikwepe.

Nina ng'ombe wachache wa maziwa huku Nzuguni, Dodoma, wote chotara wa Friesian. Wawili ndio wananiumiza kichwa. Malkia ana maziwa: akitoka kuzaa anafika lita 18 kwa siku. Shida yake ni kwamba mvua zikishika tu, robo moja ya kiwele inavimba, inakuwa ya moto, maziwa yanatoka maji maji yenye mabonge, na mwenyewe anagoma kula. Namwita mtu wa mifugo, anapiga sindano, anaweka dawa ya chuchu, siku chache anarudi kama si yeye. Shukuru hajawahi kuvimba tangu nimnunue akiwa mtamba. Lita tisa, kumi, hana makuu. Banda ni hilo hilo, mkamuaji huyo huyo, pumba na mashudu ya alizeti yale yale.

Sasa mhimilishaji wetu, yule anayepandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume, ananiambia hiyo ni damu. Anasema nimuuze Malkia na uzao wake, nibaki na ukoo wa Shukuru, ambaye tayari ana mtamba mmoja anayekaribia kupandishwa. Halafu niongeze mbegu ya dume moja la nje analoliuza yeye. Swali langu: kinga ya kiwele inarithiwa kweli, au hii ni biashara ya mbegu? Maana kumuuza Malkia kwangu ni kuuza ada za watoto.

Zabibu Kavu:
Nimekaa paleee mbele kabisa. Uzi wa maana huu.

Mama Mtindi:
Mwanangu, mimi nanunua maziwa ya watu na kugandisha, nauza pale Majengo. Sijasomea ng'ombe ila maziwa nayajua. Nikuulize: wateja wako hawajalalamika kwamba maziwa yana kachumvi? Mtindi wako unashika vizuri au unaachia maji juu?

Chotara wa Kongwa:
Mhimilishaji kasema ukweli, mnamtilia shaka bure. Babu zetu Wagogo walikuwa na ng'ombe mia na hakuna aliyejua ugonjwa wa kiwele. Zebu hana habari na vitu hivyo. Haya yameletwa na ng'ombe wa kizungu wenye viwele vya kuburuza chini. Rudisha damu ya zebu, au tafuta ng'ombe wa Mpwapwa, ulale usingizi.

Mtani wa Nzuguni:
Mama Mtindi, shikamoo. Kuna mteja mmoja kweli alisema maziwa yana chumvi kidogo, nikadhani ni maneno ya kutaka punguzo. Na mtindi nyumbani siku hizi haukazi, unakuwa laini. Ila maziwa ya Malkia akiwa anaumwa tunamwaga, hayaingii kwenye ndoo.

Mama Mtindi:
Marahaba. Basi hayo ya chumvi si ya Malkia. Kamua kila mmoja chombo chake, gandisha mbalimbali, uone.

Daktari wa Chamwino:
Mama kauliza swali ambalo wengi wetu tuliosomea tungechelewa kuliuliza. Nitarudi kwake. Kwanza niseme kinga ya kiwele ni nini, kwa sababu tukisema "damu" tunaruka hatua nyingi.

Kinga ya kwanza iko kwenye tundu la chuchu. Kile kijinjia chenye urefu wa kama sentimita moja kina msuli unaokibana na kina utando wa keratini, kitu chenye nta, unaonasa bakteria. Ukimaliza kukamua, msuli umelegea, na unachukua nusu saa hadi saa mbili kubana tena sawasawa. Ng'ombe akilala kwenye samadi na tope muda huo, mlango uko wazi. Ndiyo maana tunasema mpe chakula baada ya kukamua ili abaki amesimama. Ng'ombe anayekamulika haraka sana, ambaye maziwa yanadondoka kabla hujamgusa, mara nyingi ni huyu mwenye msuli mlegevu. Umbile hilo linarithiwa, na kwa kiasi kikubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Bakteria akipita hapo anakutana na seli za ukuta wa kiwele na chembe chache nyeupe za damu zinazozurura kwenye maziwa, hasa makrofaji. Hizi zina vipokezi vya kumtambua mgeni. Kipokezi kinachoitwa TLR4 kinashika sumu iliyo kwenye ngozi ya bakteria kama E. coli. Kingine, TLR2, kinashika vipande vya ngozi ya stafilokoka na jamaa zake. Kipokezi kikishika, seli zinatoa kemikali za kuita msaada, sitokini, na msaada unaokuja ni neutrofili, chembe nyeupe za kupigana, kutoka kwenye damu. Ni kama sungusungu waliopigiwa yowe: wanatoka kila upande kwa mamilioni, na wakifika hawachagui sana wanachovunja. Maziwa ya robo ya kiwele isiyo na ugonjwa yana seli chini ya laki moja kwa mililita. Zikipita laki mbili, tunahesabu kuna maambukizi. Kiwele kikivimba wazi ni mamilioni, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi ni neutrofili.

Ule uvimbe, ule umoto, ile homa, yale mabonge: sehemu kubwa ya hayo si kazi ya bakteria. Ni kazi ya kinga ya ng'ombe mwenyewe. Naomba hili lishikwe vizuri kabla hatujamhukumu Malkia.

Zabibu Kavu:
Dokta, unataka kusema anayevimba ndiye mwenye kinga?

Daktari wa Chamwino:
Nasema anayevimba ana kinga iliyoitika. Kuitika vizuri au vibaya ni jambo lingine. Na asiyevimba inawezekana hajaambukizwa, au kaambukizwa na kinga haikupiga yowe. Kwa macho hutofautishi.

Mtani, kabla hujauza mtu, mpime Shukuru. Kipimo cha CMT, cha kukisia wingi wa seli kwenye maziwa, kinafanyika hapo hapo bandani: sahani yenye vikombe vinne, maziwa ya kila chuchu kikombe chake, unaongeza dawa kiasi kile kile, unazungusha. Dawa ile ni aina ya sabuni. Inapasua seli zilizo kwenye maziwa, vinasaba vilivyomo ndani vinamwagika na kufanya maziwa yavute kama ute. Seli nyingi, ute mzito. Kama huna dawa yake, kuna kipimo kilichobuniwa Pakistan cha kutumia sabuni ya unga, gramu 30 kwenye lita moja ya maji, nayo inaonyesha.

Chotara wa Kongwa:
Dokta umeruka hoja yangu ya zebu.

Daktari wa Chamwino:
Sijairuka, nilikuwa nakuja. Ni kweli zebu wa asili haugui kiwele kama hawa. Lakini tenganisha sababu. Zebu anatoa lita moja mbili, chuchu fupi zilizobana, kiwele kiko juu mbali na tope, halafu ndama ananyonya na kumaliza kila tone. Kunyonya kwa ndama peke yake kunapunguza ugonjwa wa kiwele, hata kwa chotara. Ukitoa yote hayo, sehemu inayobaki kuwa ni kinga ya damu yenyewe si kubwa kama unavyoipamba. Na "hakuna aliyejua" si sawa na "haukuwepo". Hakuna aliyekuwa anahesabu seli kwenye maziwa ya kibuyu cha Chilonwa.

Ng'ombe wa Mpwapwa ni jambo zuri na nalipenda. Walitengenezwa pale kituoni Mpwapwa kuanzia miaka ya 1940 kwa kuchanganya Sindhi, Sahiwal, zebu wetu, Boran na kidogo Ayrshire, ili wahimili ukame huu wa kwetu na bado watoe maziwa kuliko zebu. Lakini ukimkamua kwa ndoo chafu na kitambaa kimoja, ataugua kama wengine.

Mkamuaji Mstaafu:
Kitambaa kimoja! Hapo ndipo penyewe. Nilikamua miaka mingi kwenye shamba la mtu. Maji ya Dodoma mnayajua, ndoo moja inaosha viwele vyote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ukifika kwa wa mwisho hayo si maji tena. Mtani, anaanza kukamuliwa nani?

Mtani wa Nzuguni:
Shukuru. Kijana anaanza naye kwa sababu ni mpole, Malkia ana mateke.

Mkamuaji Mstaafu:
Haya.

Mtani wa Nzuguni:
Wakuu nimerudi. Mtu wa mifugo wa kata alikuja na sahani yake. Malkia, ambaye kwa sasa haumwi: chuchu tatu maji tu, moja imevuta kidogo sana. Shukuru: mbili za nyuma zimekuwa ute kama bamia, ukiinamisha kikombe unatoka wote kwa pamoja. Moja ya mbele nayo imeanza. Yaani yule niliyekuwa namwita mzima.

Sampuli zimekwenda maabara ya mifugo hapa mjini. Ya Malkia nilikuwa na bahati: mtu wa mifugo aliwahi kuchukua msimu uliopita alipovimba, na majibu yake yapo kwenye daftari, ni E. coli. Ya Shukuru nitaleta.

Na Mama Mtindi, niligandisha mbalimbali. Ya Malkia yameshika vizuri. Ya Shukuru yameachia maji.

Mama Mtindi:
Nilijua.

Zabibu Kavu:
Mama kapima vinasaba kwa kibuyu 😂😂

Daktari wa Chamwino:
Na kibuyu hakidanganyi. Kiwele kikiwa na maambukizi, kuta kati ya seli zinalegea, chumvi ya damu inavuja kuingia kwenye maziwa na sukari ya maziwa inapungua. Ndiyo ile kachumvi. Halafu vimeng'enya kutoka kwenye damu na kwenye hizo neutrofili vinakata kaseini, ambayo ndiyo inayofanya mtindi ukaze. Mtindi ukigoma kabisa, hata uchachu usipatikane, hapo shuku dawa: mtu kauza maziwa ya ng'ombe aliyechomwa antibiotiki kabla siku zilizoandikwa kwenye dawa hazijaisha.

Mtani wa Nzuguni:
Majibu yametoka. Shukuru ana stafilokoka, yule aureusi. Sasa mkuu nieleze, kwa nini mmoja analipuka na mwingine ananyamaza?

Daktari wa Chamwino:
Ni dada, si mkuu, ila haina shida 🙂

E. coli anatoka kwenye samadi, ndiyo maana Malkia anaugua msimu wa tope. Akiingia, TLR4 inamshika mara moja. Ndani ya saa chache yowe limepigwa kwa nguvu zote, homa juu, neutrofili wamejaa. Mara nyingi kinga inammaliza E. coli yenyewe ndani ya siku chache, na dawa tunazopiga zinachukua sifa zisizo zao. Hatari iko kwa ng'ombe ambaye neutrofili wake wanachelewa. Bakteria wanazaliana kwanza, halafu wakiuawa wote kwa pamoja sumu yao inamwagika kwenye damu. Huyo ndiye unayemkuta asubuhi amelala, masikio baridi, hasimami. Malkia anavimba robo moja, anapona, maziwa yanarudi. Kwa kinga, huyo ni ng'ombe anayejua kazi yake. Tatizo lake ni tope lako.

Stafilokoka ni mjanja wa aina nyingine. Seli za kiwele zikikutana naye, kengele inalia kwa sauti ya chini: sitokini chache, nyingine hazionekani kabisa. Neutrofili wanakuja wachache na polepole. Hao wachache wanakuta kazi ngumu. Stafilokoka ana protini inayoshika kingamwili kinyumenyume, kwa mkia, ili upande wa kufanya kazi usimguse. Ana sumu zinazotoboa chembe nyeupe. Anaingia ndani ya seli za ng'ombe zenyewe na kukaa humo. Anajengewa vijipu vidogo ndani ya nyama ya kiwele ambako dawa haifiki. Na aina nyingi zina kimeng'enya cha kuvunja penisilini. Kwa hiyo anakaa miezi, miaka, anamwaga bakteria kwenye maziwa leo, kesho hamwagi, keshokutwa anamwaga. Hata sampuli moja ikitoka safi usishangilie, rudia.

Ongeza na hili: neutrofili wakiwa kwenye maziwa ni dhaifu kuliko wakiwa kwenye damu. Wanameza mafuta na kaseini hadi wanashiba, oksijeni ni kidogo, nguvu ya kuua inashuka. Kiwele ni mahali pabaya pa kupigania.

Kwa hiyo Shukuru hakuwa na kinga kubwa kuliko Malkia. Alikuwa anaumwa kimya, na kwa kuwa ndiye anayeanza kukamuliwa, kila siku mkono na kitambaa vilitoka kwake kwenda kwa wengine. Kwamba Malkia hajapata stafilokoka mpaka leo, hilo ndilo linalonishangaza mimi.

Chotara wa Kongwa:
Sawa, nakubali upande huo. Lakini mmerudi kulekule: damu haina kazi?

Daktari wa Chamwino:
Ina kazi. Ila pima kwa kipimo chake.

Ukichukua ng'ombe wengi na kuangalia kwa nini huyu kaugua kiwele na yule hakuugua, sehemu ya tofauti inayoelezwa na vinasaba vya kurithi ni kama asilimia 2 hadi 10. Kilichobaki ni banda, mkono, chakula, umri, bahati. Idadi ya seli kwenye maziwa inarithiwa zaidi kidogo, asilimia 10 hadi 15. Kwa namba hizo, kulinganisha ng'ombe wawili wa Mtani hakukuambii lolote kuhusu damu. Dume linajulikana kwa kuangalia mabinti wengi, kwenye mabanda mengi, kwa kumbukumbu zilizoandikwa.

Lakini kidogo kikiongezwa kizazi baada ya kizazi kinakuwa kikubwa. Norwei walianza kuandika magonjwa ya kila ng'ombe kitaifa mwaka 1975, na mwaka 1978 wakaingiza ugonjwa wa kiwele kwenye vigezo vya kuchagua madume. Ng'ombe wao mwekundu leo anajulikana kwa hilo. Nchi zilizochagua maziwa peke yake zilikwenda kinyume, kwa sababu vinasaba vinavyoongeza maziwa kwa sehemu vinaambatana na kuugua kiwele. Marekani waliingiza idadi ya seli kwenye hesabu ya thamani ya dume mwaka 1994, baada ya miongo ya kukimbiza lita.

Kwenye vinasaba vyenyewe msitegemee mtu akuonyeshe kimoja aseme hiki hapa. Vimetajwa vingi. Kuna kundi la BoLA kwenye kromosomu ya 23, ambalo linaamua ni vipande gani vya bakteria vinaonyeshwa kwa chembe za kinga. Kuna CXCR1, kipokezi cha neutrofili cha kusikia yowe. Ng'ombe wenye aina fulani ya kinasaba hicho neutrofili wao wanatembea polepole. Kuna TLR4, na laktoferini, protini ya kinga iliyo kwenye maziwa. Na kwenye kromosomu ya 6 kuna eneo lenye kinasaba cha protini inayobeba vitamini D kwenye damu, limejitokeza kwa ng'ombe wa Norwei na kwa Friesian pia. (Jua la vitamini D sisi tunalo la kugawa, lakini kumbe kulibeba ni suala jingine.) Kila kimoja kinachangia kidogo sana.

Kanada, Chuo Kikuu cha Guelph, walichukua njia nyingine ambayo mimi naiona ni ya akili. Badala ya kusubiri ng'ombe augue, wanampima jinsi kinga yake inavyoitika kwa vitu viwili tofauti, kimoja cha kupima kingamwili na kingine cha kupima seli za kinga. Mwitikio huo unarithiwa kwa takriban robo, mara kadhaa ya ugonjwa wenyewe, na wanaoitika vizuri pande zote mbili wanaugua kiwele kidogo.

Zabibu Kavu:
Nilisikia wazungu walitengeneza ng'ombe wa maabara asiyeugua kiwele. Kweli au stori za vijiweni?

Daktari wa Chamwino:
Kweli kwa nusu. Mwaka 2005 watafiti Marekani walitangaza ng'ombe aina ya Jersey waliopandikizwa kinasaba kutoka kwa bakteria mwingine, kinachotengeneza lisostafini, kimeng'enya kinachomyeyusha stafilokoka. Maziwa yao yalikuwa nacho, na walipojaribiwa kuambukizwa stafilokoka walistahimili sana. Kwa E. coli na streptokoka hakikuwasaidia kitu. Hawakuingia sokoni.

Mtani wa Nzuguni:
Dada nimekuelewa. Sasa Shukuru tunamfanyaje? Mtu wa mifugo anasema tumpige dawa ya nguvu wiki nzima.

Mkamuaji Mstaafu:
Bucha.

Daktari wa Chamwino:
Mzee usiwe na haraka hivyo, ingawa mwisho inaweza kuwa huko. Mtani, jibu maswali haya: ana mimba? Ana uzao wa ngapi? Ukibonyeza hizo robo za nyuma zikiwa tupu, kuna vigumu ndani?

Mtani wa Nzuguni:
Mimba ya miezi sita hivi. Uzao wa nne. Moja ya nyuma ina kigumu kama limau.

Daktari wa Chamwino:
Hiyo yenye kigumu sahau, hairudi. Kumpiga dawa akiwa anakamuliwa, kwa stafilokoka ya siku nyingi na ng'ombe wa uzao wa nne, ni kuchoma hela na kufundisha bakteria usugu. Mtu wa mifugo wa kata akipenda tuzungumze, simlaumu, wote tunasukumwa na mfugaji anayetaka kuona sindano. Mkaushe mapema na muweke dawa ndefu ya kipindi cha ukavu kwenye chuchu zote, maana hapo dawa inakaa bila kukamuliwa ikatoka. Akizaa pima tena. Mbili tatu zikiwa chafu bado, mzee Mkamuaji ana haki.

Kuanzia leo asubuhi anakamuliwa wa mwisho. Kila ng'ombe kitambaa chake au karatasi, maji ya kuosha yawe machache na ya kila mmoja, chuchu zichovywe kwenye dawa ya ayodini baada ya kukamua. Stafilokoka anasafiri kwa mkono wa mkamuaji. Hapo huhitaji dume la kizungu.

Na maziwa yake usiuze. Kuchemsha kunaua bakteria, lakini sumu ambayo stafilokoka anaiacha kwenye maziwa yaliyokaa joto inavumilia moto. Mtu anachemsha, anakunywa, anatapika, analaumu chapati.

Mama Mtindi:
Na msimpe ndama maziwa hayo.

Daktari wa Chamwino:
Ahsante Mama, hasa ndama majike wanaonyonyana. Anaweza kuingia kwenye uzazi wake wa kwanza tayari ana stafilokoka.

Kwa Malkia: ondoa tope kabla mvua hazijashika, mwagia mchanga mahali pa kulala, na umwangalie wiki mbili tatu kabla na baada ya kuzaa. Hapo kinga ya kila ng'ombe inashuka. Homoni za kuzaa na njaa ya kuanza maziwa zinawafanya neutrofili wawe wazito kutoka kwenye damu. Huku kwetu tuna lingine: kuanzia Juni mpaka mvua zije, ng'ombe anakula mabua na nyasi zilizokauka ambazo vitamini E imekwisha humo. Vitamini E na seleniamu ndizo zinazowapa neutrofili nguvu ya kuua bila kujiua. Tafuta majani mabichi hata kidogo, lukina iliyopandwa pembeni ya uzio inatosha kuanzia, na jiwe la madini lenye seleniamu. Kama utapata ng'ombe anayezaa Novemba baada ya kiangazi kizima cha mabua halafu tope likaanza Desemba, umempangia ugonjwa mwenyewe.

Chotara wa Kongwa:
Dokta, hapa nimesoma mpaka mwisho na sina ubishi. Ila Mtani bado hajajibiwa kuhusu dume.

Mtani wa Nzuguni:
Ndiyo, dume. Na mtamba wa Shukuru nifanye nini naye.

Daktari wa Chamwino:
Mtamba mbakize. Kuambukizwa kwa mama si urithi. Angalia umbile lake akianza kuonyesha kiwele: kisivuke goti la nyuma kushuka chini, chuchu zisiwe ndefu za kuning'inia. Hayo yanarithiwa kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Na Malkia, ukipata jike kwake, usilitoe. Anzisha daftari: tarehe, robo, dawa, CMT kila mwezi. Mikoa ya kaskazini na nyanda za juu kusini kuna wafugaji walioandikishwa kwenye ADGG, mradi wa vinasaba vya ng'ombe wa maziwa Afrika wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kumbukumbu zao za maziwa zinasaidia kuchagua madume yanayofaa mazingira ya hapa. Sisi wa Kati daftari letu ndilo hilo hilo unaloanza wewe.

Kwa dume, usinunue picha ya kiwele cha mama yake. Mwambie mhimilishaji akupe karatasi ya dume, utafute mstari wa idadi ya seli. Kama ni dume la Marekani, wastani ni kama 3.00 na namba ndogo ndiyo nzuri: 2.75 ni bora kuliko 3.10. Kama ni la Norwei au nchi za jirani zao, wastani ni 100 na namba kubwa ndiyo nzuri. Watu wengi wanachanganya hapo. Halafu tazama mstari wa kiwele kukaa juu.

Mtani wa Nzuguni:
Nimempigia, katuma picha ya karatasi. Dume la Marekani. Maziwa yameandikwa kwa wino mwekundu na duara juu yake. Idadi ya seli 3.22.

Daktari wa Chamwino:
Mwambie alirudishe kwenye mtungi wake wa barafu, akupe orodha nzima uchague mwenyewe.